Programu ya Simu Inapokosea Jina la Mmea: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Programu za kutambua mimea kwa picha, zikiwamo iNaturalist, Seek, Pl@ntNet na Google Lens, zimeenea kwa wanafunzi, walimu, maofisa mazingira na wapenda mimea wa mijini, na malalamiko juu yake yanafanana: jina linalotolewa halilingani na mmea, au linabadilika kila picha inapopigwa, au rekodi inakaa miezi bila mtu wa kuithibitisha. Mwongozo huu unayafuata malalamiko hayo moja baada ya jingine, kwa mifano inayotoka zaidi Dar es Salaam, kwenye mitaro, viwanja visivyojengwa, kando ya reli na fukweni, ambako mimea inayojiotea ni mingi. Mambo ambayo mtumiaji anaweza kuyarekebisha mwenyewe, yaani picha, mahali na tarehe, yametangulia, kwa sababu kosa huanzia huko mara nyingi zaidi kuliko ndani ya programu.

Jina linabadilika kila picha inapopigwa

Programu haina ujuzi wa mimea kama alionao mtaalamu. Inalinganisha maumbo na rangi za picha uliyoipa na picha ilizofundishwa nazo, kisha inapanga majina kwa kadiri ya kufanana. Picha moja ikiwa na mchicha pori, ndago na kongwe vilivyosongamana ukingoni mwa mtaro, kila jibu laweza kuwa sahihi kwa mmea ambao hukuukusudia. Sogea karibu, tenga tawi moja, weka kiganja au karatasi nyuma yake ili mimea mingine ifichike, na gusa kioo cha simu mahali penye ua au jani ili lenzi ilenge hapo. Ikiwa picha tayari imepigwa na mmea umeachwa mbali, ikate pembeni ubaki na unachokitaka kabla ya kuomba jina.

Watumiaji wengi wa iNaturalist hupakia picha nne au tano na kudhani kwamba programu imezizingatia zote. Kwa kawaida mapendekezo hutokana na picha ya kwanza pekee. Basi picha ya kwanza iwe ile yenye ua au tunda kwa karibu. Picha ya mmea mzima ifuate nyuma, kwa faida ya watu watakaoihakiki rekodi baadaye. Pl@ntNet hufanya kazi kwa namna tofauti: inapokea picha kadhaa za mmea mmoja kwa pamoja na kukutaka useme kila picha inaonyesha nini, iwe jani, ua, tunda au gome. Ukiliita tunda ua, umeipotosha mwenyewe.

Jua la saa sita mchana nalo ni kisababishi kinachosahaulika. Ua jeupe lililopigwa picha chini ya jua kali hugeuka doa lisilo na petali wala mishipa, na jani linalong'aa hupoteza umbo la kingo zake. Simama upande wa jua ili kivuli chako kiangukie mmea mzima, au shusha mwanga wa picha kwenye kamera kabla ya kubonyeza. Wakati wa kiangazi, mimea ya kando ya barabara za vumbi hubadilika rangi kabisa. Kuimwagia maji kidogo kunatosha kuirudishia kijani ambacho programu inakitarajia.

Kuna kisababishi kimoja ambacho miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya misitu na mashamba haikitaji, nacho ni panga la mfyekaji. Mimea ya jijini hufyekwa mara kwa mara, kisha huchipua upya kutoka kwenye kisiki au mizizi, na majani ya machipukizi huweza kuwa makubwa kuliko kawaida, laini zaidi, na hata yenye umbo tofauti na majani ya tawi lililokomaa. Programu imefundishwa kwa picha za mimea iliyokua kwa utulivu, kwa hiyo inayumba. Tazama kama shina lina alama ya kukatwa. Ikiwa ipo, tafuta mmea wa aina hiyo hiyo ulioponea nyuma ya nguzo au ndani ya uzio, upige picha huo. Tahadhari hiyo inafaa pia pale majani yalipojikunja au kuwa ya njano baada ya kupuliziwa dawa ya magugu.

Jina ni la mmea wa jamaa moja, lakini si wenyewe

Hapa programu imekaribia, ila imekosa kionyeshi cha mwisho kwa kuwa picha haikukionyesha. Mfano wa wazi ni mchicha unaojiotea. Spishi kadhaa za Amaranthus huota pamoja kwenye jalala lile lile, na zikipigwa picha kutoka juu zote ni majani ya kijani na kishungi cha maua. Sasa inama uangalie mahali ambapo kikonyo cha jani kinaungana na shina. Kwenye Amaranthus spinosus utakuta miiba miwili, myembamba na migumu, imesimama ubavuni mwa kikonyo. Kwenye mchicha wa mboga haimo. Picha moja ya kiungo hicho humaliza ubishi ambao picha kumi za majani haziwezi kuumaliza.

Mwarobaini una tatizo la namna hiyo. Mtu hupiga picha ya kijani kimoja, yaani jani dogo, kilichoshikwa kati ya vidole, akidhani kwamba hilo ndilo jani, kumbe jani la mwarobaini ni ule mpangilio wote wa vijani vingi kwenye kikonyo kirefu kimoja. Azadirachta indica, yaani mwarobaini wenyewe, vijani vyake vimepangwa moja kwa moja kwenye kikonyo hicho, ilhali ndugu yake Melia azedarach, ambao nao hupandwa mijini, kikonyo chake hugawanyika kwanza katika vikonyo vidogo kabla ya kubeba vijani. Kijani kimoja hakiwezi kuitenganisha miti hiyo miwili. Piga picha ya jani zima kuanzia linapochomoza kwenye tawi.

Kwa mimea mingi, kwa hiyo, seti inayotosha ni hii: mmea mzima ukiwa mahali pake, jani upande wa juu na upande wa chini, kiungo cha jani na shina, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo. Mmea ukitoa utomvu, onyesha rangi yake.

Programu inataja mmea wa Ulaya au wa Marekani

Kabla ya kuilaumu programu, angalia kama inajua ulipo. iNaturalist hutumia mahali palipoandikwa kwenye rekodi ili kuyapa uzito majina ya spishi zinazotarajiwa karibu na hapo. Mahali pakikosekana, jani la Temeke linashindanishwa na mimea ya dunia nzima. Sababu ya kawaida ya kukosekana kwake ni WhatsApp: picha iliyotumwa kwa njia hiyo kama picha ya kawaida hufika bila taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Mwombe mwenzako akutumie kama faili, au akupe jina la mtaa na tarehe uziandike mwenyewe. Sababu nyingine ni kamera kunyimwa ruhusa ya kutumia GPS katika mipangilio ya simu; na kwenye simu za Android, picha inayochaguliwa kutoka ghala la picha badala ya kupigwa ndani ya programu huweza kuingia bila mahali hata kama kamera ilipahifadhi.

Kwenye Pl@ntNet kuna hatua ya ziada, nayo ni kuchagua flora, yaani orodha ya mimea ya eneo fulani. Anayeiacha kwenye flora ya dunia hupata orodha ndefu isiyo na mpaka. Anayechagua ya eneo lake hupata orodha fupi na yenye maana zaidi. Hata hivyo, mimi ningeyajaribu yote mawili nikiwa mjini, kwa sababu bustani za jijini zimejaa mimea iliyotoka India, Madagaska na Amerika ya kitropiki, nayo hutoroka uzio na kuota mtaroni.

Ikiwa mahali pameandikwa vizuri na jina bado ni la ugenini, basi tumefika kwenye upungufu wa programu yenyewe. Mfumo wa iNaturalist hufundishwa spishi baada ya kukusanyika takriban picha 100 za spishi hiyo. Isiyofika hapo haimo kabisa kwenye majibu yanayowezekana, hata ukiipiga picha kwa ustadi wa namna gani. Mimea ya Ulaya na Amerika Kaskazini ina mamilioni ya picha kwa sababu watumiaji wengi wako huko. Mchunga, Launaea cornuta, ni mmea wa Afrika; Sonchus oleraceus, wenye maua ya njano na utomvu mweupe vilevile, umeenea duniani kote na umepigwa picha kupita kiasi. Programu ikisitasita kati ya hiyo miwili, haishangazi ikiegemea inaoujua zaidi.

Uhakiki wake ni rahisi. Chukua jina la kisayansi ulilopewa, ulitafute katika Plants of the World Online ya bustani ya Kew, ambayo huonyesha kwenye ramani nchi ambamo spishi ni ya asili na ambamo iliingizwa. Tanzania isipokuwamo, jina lina mashaka. Nasema mashaka tu, kwa sababu vyanzo vya aina hiyo vimejengwa juu ya mimea ya porini. Flora of Tropical East Africa, iliyochapishwa kwa vipande kuanzia mwaka 1952 hadi 2012 na kueleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania, ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwa eneo letu, lakini ua la bustanini lililoanza kuota lenyewe Mikocheni mwaka jana halitegemewi kuwamo.

Programu inasema ni karoti

Mfano huu unaihusu Arusha zaidi kuliko Dar es Salaam, na nimeupa nafasi yake kwa sababu kosa hili lina madhara. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ni mmea wa Amerika ya kitropiki ulioripotiwa Arusha mwaka 2010. Huzuia mimea mingine kukua, na kuugusa kunaweza kusababisha ukurutu wa ngozi na kuchochea pumu. Ukiwa mchanga hulaza majani yaliyochanika-chanika juu ya ardhi kwa mduara, na katika hali hiyo programu huweza kukuambia karoti, pakanga au hata mojawapo ya maua ya bustanini.

Usiufikiche ili kuunusa. Vaa glavu, au upige picha bila kuugusa. Jani peke yake halitoshi. Tembea hatua chache utafute mmea uliokomaa wa kundi lile lile, kwa kuwa magugu haya hayaoti kwa upweke. Uliokomaa una shina lililosimama, lenye mifereji ya kwenda juu na vinyweleo, na vichwa vya maua vyeupe vidogo kuliko punje ya mahindi, kila kimoja kikiwa na ncha tano pembezoni. Ua la karoti halifanani nalo hata kidogo: ni mwavuli mpana wa vijiua vingi. Ukipiga picha ya vichwa hivyo kwa karibu, programu zote nilizozitaja mwanzoni zina nafasi nzuri ya kulitaja gugu hilo kwa usahihi, maana limepigwa picha sana India na Australia.

Jibu linaishia kwenye jenasi au familia

Watu hulichukulia jambo hili kuwa hitilafu, nami naona mara nyingi ndilo jibu la uaminifu zaidi. Seek, kwa mfano, huonyesha ngazi za utambuzi zikijaa kadiri unavyozungusha kamera, na ikikosa uhakika husimama kwenye familia au jenasi bila kubahatisha spishi. Badili pembe, ongeza ua, jaribu tena. Ikisimama pale pale, ikubalie.

Mnavu ni kundi ambalo hata wataalamu hulishughulikia kwa uangalifu. Solanum nigrum, Solanum villosum, Solanum scabrum na jamaa zao hutenganishwa kwa rangi na ukubwa wa matunda yaliyoiva, mpangilio wa maua kwenye kikonyo na vinyweleo vya shina. Kwa mche usio na tunda, andika Solanum tu. Nyasi nazo zina ugumu wake, kwa sababu picha ya majani membamba haina taarifa ya kutosha. Zinahitaji suke kwa karibu sana, pamoja na mahali ambapo jani linaliacha shina. Ndago na ndugu zake si nyasi halisi, na shina lao lenye pembe tatu, ambalo unaweza kulihisi ukilizungusha kati ya vidole, ni jambo la kuandika kwenye maelezo kwa sababu picha hailionyeshi.

Mikoko yote inapewa jina moja

Kunduchi na Mbweni, anayepiga picha ya mikoko akiwa mbali, maji yakiwa yamejaa, hupata ukuta wa kijani na jina moja kwa miti yote. Subiri maji yatoke. Mchu, Avicennia marina, una mizizi ya kupumulia iliyochomoza topeni kama penseli, na upande wa chini wa jani lake ni wa kijivu cheupe. Mlilana, Sonneratia alba, mizizi yake ni minene yenye umbo la pia. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na ncha ya jani lake ina kisindano kidogo. Piga picha ya mizizi na ya majani kwa pamoja, kwa mti mmoja, na uhakikishe kwamba mizizi unayoipiga ni ya mti huo na si ya jirani yake, kosa ambalo ni rahisi sana pale inapoota imechangamana.

Rekodi haithibitishwi, au imewekwa katika kundi la chini

Kwenye iNaturalist rekodi hufikia ngazi ya utafiti ikiwa na picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi, wasiopungua wawili, wanaokubaliana juu ya spishi. Tarehe au mahali pakikosekana haifiki kamwe. Vilevile mmea uliopandwa hauna budi kutiwa alama ya kupandwa, na rekodi yake hubaki kwenye kundi la kawaida. Mjini mpaka huu unachanganya, lakini kanuni ni kuuliza kama mtu aliukusudia mmea uwe pale ulipo. Mwarobaini uliopangwa mstari mbele ya ofisi umepandwa. Mche wake uliojiotea kwenye ufa wa ukuta haukupandwa na mtu, na ni rekodi halali ya mmea pori.

Iwapo kila kitu kipo na bado pako kimya, kisababishi huwa ni kuiacha rekodi bila jina lolote. Watambuzi huchuja kwa nchi na kwa familia. Anayejua jamii ya kunde hatazami mamia ya rekodi zilizoandikwa kuwa hazijulikani. Ukijua familia, iandike. Usijue hata familia, andika kwamba ni mmea unaotoa maua. Na usimbonyezee mtu kitufe cha kukubali kwa adabu tu, kwa sababu watu wawili wasiojua wakikubaliana, jina la uongo hupanda ngazi ya utafiti na huweza kuingia katika hifadhidata ya GBIF, ambako watafiti huchukua takwimu.

Rekodi inaonekana mbali na ulipopiga picha

Katikati ya majengo marefu ya Posta na Kariakoo, mawimbi ya GPS hugonga kuta na kukuhamishia mtaa wa pili au baharini. Sogeza alama kwenye ramani mwenyewe na upanue duara la uhakika. Lakini ikiwa umehamishwa kilomita nyingi, pengine programu imefanya hivyo kwa makusudi: spishi zinazotishiwa kutoweka hufichwa mahali pake kwa kuonyeshwa popote ndani ya eneo la nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambalo kwetu ni kama kilomita 22 kila upande. Wewe mwenye rekodi bado unaona mahali halisi ukiingia kwenye akaunti yako.

Bando limekwisha au mtandao hauko

Seek hutambua mimea ndani ya simu yenyewe bila mtandao, baada ya kuipakua mara moja. iNaturalist huhifadhi rekodi na kuzipakia baadaye. Google Lens haifai kutegemewa mahali pasipo na mtandao.

Jina linaonekana sahihi, na mmea unataka kuliwa

Hapa programu isiwe mwamuzi, hata ikionyesha uhakika wa juu. Mnanaha, Datura stramonium, ni wa familia moja na mnavu, huota kwenye majalala yale yale, na mche wake mdogo huchumwa pamoja na mboga bila mchumaji kutambua. Sumu zake, atropini na skopolamini, huleta kuweweseka, mapigo ya moyo ya kasi na hata kifo. Programu iliyokosea kati ya spishi mbili za mchicha imekuharibia takwimu, lakini iliyokosea hapa imekupeleka hospitali. Mboga ya porini ichumwe na mtu anayeijua kwa kuipika miaka yote, na dawa vivyo hivyo.

Njia zote zimeshindikana

Mmea ukibaki bila jina baada ya hatua hizi, chukua sampuli, mradi mmea ni mwingi mahali hapo na una ruhusa ya kuukata. Tawi liwe na majani pamoja na ua au tunda, lilazwe kati ya kurasa za gazeti, libanwe kwa uzito, na gazeti libadilishwe kila siku hadi likauke. Hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa walio Kenya hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, hulinganisha sampuli za namna hiyo na zilizohifadhiwa humo kwa miongo mingi. Ambatanisha karatasi yenye tarehe, mahali, aina ya udongo, urefu wa mmea na rangi ya ua, na rangi hiyo iandikwe siku ile ile ya kuchuma, kwa sababu maua ya zambarau na ya buluu mara nyingi hukauka yakawa ya kahawia.